Umekunywa?

6 Mei

Dada Kasuku,

Nilitaka kuanza na hujambo, mimi sijambo, kama tulivyofundishwa shuleni. Lakini safari hii nina jambo, tena zito. Nimeshtakiwa kwa kuendesha gari nikiwa nimelewa. Mimi! Mtu ambaye kwenye harusi yako nilishika soda moja mpaka gesi ikaisha.

Simu yangu imebaki kituo cha polisi pamoja na gari, ndiyo maana naandika. Na kwa simu ungenikatiza kila neno, unajijua. Barua hii nampa mwenye duka la dawa anayekuja huko mjini kuchukua mzigo, atakufikishia mpaka ofisini. Jibu lako mpe yeye.

Ilikuwa hivi. Jumanne asubuhi nilikuwa natoka hospitali kubwa na gari la wagonjwa, nimebeba mahitaji ya kituo chetu cha afya: glavu, bandeji, na chupa za spiriti ya kusafishia vidonda. Nyuma hakukuwa na mgonjwa, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka sasa. Ukungu ulikuwa mzito. Pale kwenye kona, kabla hujafika darajani, gari likaacha njia, likaingia mtaroni, likala uzio wa ofisi ya kilimo na kusimama. Chupa zikavunjika. Spiriti ikanimwagikia kuanzia shingoni hadi kwenye suruali.

Koplo wa kizuizi cha barabarani alisikia kishindo akaja mbio. Alinikuta nanuka, miguu hainishiki, maneno hayatoki sawasawa. Kipimo cha kupuliza hawana, walichonacho kilikufa zamani. Basi akaandika alichokiona, na akaongeza kwamba nimekiri kwa kinywa changu. Eti nilisema, "Nimekunywa."

Ni kweli nilisema. Usiniulize kwa nini.

Kuna jambo moja linaweza kukusaidia. Hakunikuta kwenye kiti cha dereva. Nilikuwa kiti cha abiria, na mkanda nimefunga. Hilo nalo usiniulize, wewe litumie tu.

Dada, jela naiogopa kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Lakini leseni naiogopea zaidi. Huku gari la wagonjwa ni moja na dereva ni mimi. Wanawake wangapi wamejifungua salama kwa sababu niliwahi? Wakininyang'anya usukani sijui nitakuwa nani. Nitetee, tafadhali.

Mdogo wako,
Ngongoti


10 Mei

Ngongoti,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimetamani kukuchapa. Unaniomba nikutetee, halafu kila penye jambo la maana unaandika "usiniulize". Kazi yangu ni kuuliza, mdogo wangu. Nisipouliza mimi, ataniuliza hakimu nibaki nimeduwaa.

Jalada nimelipata. Maelezo ya Koplo ni mafupi: "Nilimuuliza kama amekunywa, akajibu nimekunywa." Neno hilo moja ndilo mgongo wa kesi yao. Harufu naweza kuieleza kwa zile chupa. Kuyumba nako kunaelezeka kwa ajali yenyewe, mtu aliyetoka mtaroni hatembei kama bwana harusi. Lakini ulichosema umesema.

Sasa tuje kwenye picha. Polisi walipiga picha ndani ya gari, na nimeziangalia mpaka macho yananiuma. Kiti cha dereva kimesogezwa mbele kabisa, karibu kigusane na usukani. Juu yake kuna sweta lako la kijivu, limekunjwa vizuri, kama mto wa kukalia. Wewe watu wamekupa jina la Ngongoti kwa sababu unainama kwenye kila mlango. Kwenye kiti kile magoti yako yangekuwa masikioni.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu mwingine anaendesha, tena mfupi. Sijali ni mke wa nani. Sitaki hata kujua mlikuwa mnatoka wapi asubuhi ile na gari la serikali. Nataka jina lake, kwa sababu akisimama kizimbani akasema "nilikuwa naendesha mimi", wewe unalala nyumbani kwako. Acha uungwana wa kijinga. Mwanamke anayekukimbia mtaroni hastahili ufungwe kwa ajili yake.

Usiongee na mtu yeyote kuhusu kesi, hata kinyozi wako. Hasa kinyozi wako.

Dada yako,
Kasuku


19 Mei

Dada,

Hakuna mwanamke. Ningekuwa naye ningekuwa nimeshamtaja, mimi si shujaa kiasi hicho.

Naripoti kituoni kila Ijumaa kwa sababu ya dhamana, nasaini, narudi nyumbani. Gari limeegeshwa uani, chini ya bati, na mimi siwezi kupita bila kulitazama. Ijumaa iliyopita askari wa zamu alinifokea. "Wewe ndiye unaingia kuchezea hili gari?" Nikamwambia ningeingiaje, funguo si mnazo ninyi? Akasema kila akisukuma kiti cha dereva nyuma ili afagie vioo vilivyovunjika, akirudi anakikuta kimekuja mbele. Alikuwa anaongea kwa ukali, lakini mikono ameificha mifukoni. Nilimwonea huruma.

Nilichungulia dirishani. Sweta langu bado liko pale kwenye kiti. Limekunjwa mara tatu, mikono imefichwa ndani. Dada, wewe na mimi tumelelewa nyumba moja. Unamjua mtu mmoja tu anayekunja sweta namna ile.

Ninachokumbuka ni kidogo. Nilipita sokoni watu wanafungua vibanda. Nilipanda kilima, ukungu ukaniziba kioo, nikawasha taa. Halafu pakawa na harufu ya ile sabuni ya kipande, ya kufulia. Chupa za spiriti zilikuwa bado hazijavunjika, hilo nina uhakika nalo. Baada ya hapo hakuna kitu, ni kama ukurasa umechanwa. Nikajikuta nimekaa upande wa abiria, gari limetulia, injini imezimwa. Mtu ameizima, dada. Tena gia amerudisha mahali pake na breki ya mkono ameivuta juu kabisa, kama tulivyofundishwa nyumbani.

Ndipo nikasikia naulizwa, "Umekunywa?" Nikajibu. Nilipogeuka, Koplo alikuwa amesimama nje, upande wangu, ndiyo kwanza anashika mlango.

Sikuona mdomo wake ukifunguka. Naomba hili lisiingie kwenye jalada.

Ngongoti


2 Juni

Ngongoti,

Jana nilikuja huko bila kukuambia. Nilitaka kuliona gari kwa macho yangu, na ningekupitia, lakini nilichokiona kilinifanya nigeuze mapema. Usikasirike.

Walinifungulia mlango wa dereva. Nilikishika kiti mwenyewe nikakisukuma nyuma. Ule mkono wa chini wa kukisogezea una kutu, ilibidi nitumie goti, na kiti kilipofika mwisho kililia "ka!" Nikafunga gari, ufunguo nikaukamata mimi mkononi. Nikaenda kaunta kusainia nakala zangu. Niliporudi na kamera, kiti kilikuwa mbele.

Nimejiambia ua una mteremko. Nimejiambia ile springi imechoka. Mimi ni wakili, nikianza kuamini mambo ya ajabu nitafute kazi nyingine. Lakini nilipokuwa nasaini karatasi nilijua kabisa, kabla sijarudi, nitakikuta wapi.

Tuyaache hayo. Kabla ya kuondoka nilizungumza na nesi aliyekuhudumia siku ile. Ni mtu makini. Alisema ulimi wako ulikuwa na jeraha la meno, pembeni. Alisema ulikuwa hujui siku wala mwezi, na uliniita mimi kwa jina la utotoni. Alisema pia suruali yako ilikuwa imelowa, na si spiriti peke yake.

Mdogo wangu, nakuuliza kama dada, si kama wakili. Kile kifafa kimerudi?

Nyumbani kote tulidhani kiliisha ulipoanza kuota ndevu. Uliniambia mwenyewe kwamba daktari amekuachisha dawa. Lakini jana usiku niliposoma tena yale maelezo ya Koplo, lile neno lilinirudisha jikoni kwetu. Mama amesimama mlangoni, ufunguo wa lori la maziwa mkononi, mto wake wa kukalia kwapani, ana haraka. Kila mtu na swali lake. Mimi ananiuliza, "Umefunga?" kwa sababu banda la kuku nilikuwa naliacha wazi. Wewe anakuuliza, "Umekunywa?" Si maji wala chai, na pombe ndiyo usiseme. Alikuwa anauliza vidonge vyako.

Ulijibu swali la dawa, siyo?

Kama ni hivyo, njia ipo. Ninamleta daktari wako, anaeleza mtu wa kifafa akitoka kwenye degedege anaonekanaje: anayumba, ulimi mzito, hajielewi. Neno "nimekunywa" linapata maana yake. Unaachiwa. Lakini sitakuficha, leseni itakwenda siku hiyo hiyo na haitarudi. Ukikataa, nitasimama mbele ya hakimu mikono mitupu, nikiwa na kiti na sweta tu.

Nijibu upesi.

Kasuku


11 Juni

Dada,

Hapana.

Usilitaje. Usilitaje mbele ya hakimu, mbele ya Koplo, mbele ya wale watu wanaojaza mabenchi ya nyuma kwa sababu hawana kazi. Unakumbuka darasani walivyokuwa wanainua miguu nikianguka, wasiguswe na povu langu? Huku wananiheshimu. Wakipiga simu wanasema "mleteni Ngongoti". Kesho watasema "yule wa kifafa". Bora wanifunge kama mlevi, mlevi akitoka jela anasamehewa.

Umeshajua, basi acha nikuambie lote. Hakikuisha. Daktari hakuniachisha. Mama peke yake ndiye aliyejua. Alikuwa ananipigia kila asubuhi, hata alipokuwa amelazwa, hata sauti ilipobaki ya kunong'ona. Hakuna salamu, hakuna habari ya kwenu. "Umekunywa?" Namjibu nimekunywa, anakata simu. Nilikuwa namtania kwamba polisi wakimsikia watadhani ana mtoto mlevi.

Tangu tumzike hakuna anayeniuliza. Mwanzoni nilikuwa nakunywa huku naitazama simu. Halafu siku moja nikasahau, na hakuna kilichotokea. Nikasahau tena. Vidonge viko kabatini, dada, pakiti haijafunguliwa. Asubuhi ile nilijibu "nimekunywa" na nilikuwa nadanganya. Nilikuwa namdanganya aliyekalia kiti kile.

Ulitaka jina la aliyekuwa anaendesha. Unalijua. Mimi fahamu zilinitoka nikiwa kileleni, na kutoka pale mpaka kwenye kona ni mteremko wote. Kulia kwako kuna bonde lisilo na mwisho. Gari lisilo na mtu lingekwenda kulia. Hili lilikwenda kushoto, likachagua mtaro, likachagua uzio wa mbao. Mimi ni dereva, najua gari likiachwa linafanyaje.

Sasa wewe msomi sema ni mteremko.

Tetea bila ugonjwa wangu. Ukiutaja nitasimama kizimbani niseme nilikuwa nimelewa.

Ngongoti


14 Julai

Mdogo wangu,

Umeachiwa, na ukatoka kwa mlango wa nyuma bila hata kuniaga. Nilikutafuta mpaka kwenye maegesho. Naandika hapa nilipo, kwenye nyumba ya wageni ya njiani ambayo sikupanga kulala, kwa sababu kuna mambo hukuyaona. Ulikuwa umeinamisha kichwa muda wote.

Nilikuwa sina kitu, Ngongoti. Ulinifunga mikono. Nilipanga nimbane Koplo kwenye swali tu: aliuliza kwa maneno gani, alisimama wapi, alimaanisha kinywaji gani. Mwalimu wangu alinikataza nisimuulize shahidi jambo ambalo mwenyewe sijui jibu lake. Leo nilimuuliza hilo hilo. Nilimwambia, "Koplo, wakati unauliza kama amekunywa, ulikuwa umesimama upande gani?"

Ulisikia alivyojibu. "Upande wa abiria." Nikamuuliza, "Ulimuuliza ukiwa hapo?" Wewe ulikuwa unatazama sakafu. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Jasho lilikuwa linamtiririka, na feni ilikuwa juu ya kichwa chake. Akasema, "Sikuuliza mimi, wakili. Niliandika hivyo kwa sababu kwenye maelezo lazima awepo aliyeuliza. Swali lilitoka kiti cha dereva. Nilisikia sauti ya mwanamke. Nilipozunguka hakukuwa na mtu, nikajua amekimbia kwenye ukungu."

Mabenchi ya nyuma walicheka, halafu wakaacha wote kwa pamoja. Hakimu hakucheka kabisa. Aliomba zile picha, akakitazama kiti, akakutazama wewe ulivyojikunja kizimbani. Akasema shahidi wao wenyewe ameweka mtu mwingine kwenye usukani, kwa hiyo huna kesi ya kujibu. Nilishinda kwa ushahidi ambao sikuuleta mimi.

Nje, Koplo alinifuata kwenye korido. Alitaka kujua kama yule mama amepatikana. Nikamuuliza alijuaje kwamba ni mama. Akasema ilikuwa sauti ya mtu mzima, haikuwa na hofu ya ajali hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza huku anafanya shughuli nyingine, kama anatafuta ufunguo wake kwenye mkoba. Nilimshukuru, nikaenda chooni nikalia.

Sasa sikia kilichonipata mimi. Niliondoka jua linazama, nimekasirika kwa kuwa umenikimbia. Nilikuwa naongea peke yangu, nakutukana. Mbele kidogo ya kile kilima chako nikasikia harufu ya sabuni ya kipande. Halafu nikaulizwa, karibu kabisa na sikio, "Umefunga?"

Nikajibu. Ngongoti, nilijibu "nimefunga" kama nina miaka tisa, bila hata kufikiri. Na ndipo nilipotazama, mkanda unaning'inia. Nikauvuta, nikaufunga. Kona iliyofuata palikuwa na lori limekufa katikati ya njia, halina taa, hawajaweka hata tawi la kuonya. Breki zilishika nikiwa karibu na bodi yake kiasi cha kusoma namba. Bega langu lote limevilia damu pale mkanda uliponishika. Kichwa kingekuwa kwenye kioo.

Siwezi tena kukuambia ni mteremko.

Lakini nimekaa hapa kitandani na naogopa kitu kingine. Nimekushindia kesi. Nimekurudishia leseni na gari lenye king'ora. Jumatatu utabeba mama mjamzito, na mume wake pembeni, na watakuamini. Mama yetu alikuwa anaendesha lori zima la maziwa, lakini amekufa, na sijui anaweza kukushikia usukani mara ngapi. Hakuwa anauliza ili tumjibu. Alikuwa anauliza ili tukafanye.

Sitakushtaki kwa mtu. Wewe ni mteja wangu na ni damu yangu. Ninakuomba tu, nikiwa nimepiga magoti hapa kwenye zulia la watu, kamwambie daktari.

Kasuku


20 Agosti

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Na nisamehe kwa ule mlango wa nyuma, nisingeweza kukutazama wewe na Koplo siku moja.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni wiki nzima. Jumatatu ile nilikwenda kazini, nikakabidhiwa funguo, watu wakanipigia makofi. Gari limenyooshwa bodi, limepakwa rangi. Nilifungua mlango wa dereva, na kiti kilikuwa mbele. Nikakirudisha. Nikaenda kuchukua karatasi ya safari, nikarudi, kiti kiko mbele. Nikakirudisha tena, na safari hii nikakaa, nikakikandamiza kwa uzito wangu wote. Simu ikalia ofisini, kuna mgonjwa wa kufuata bondeni. Niliweka ufunguo. Nilikaa pale, mkono uko kwenye ufunguo, na nilijua kabatini pakiti bado haijafunguliwa.

Nilishuka. Nilikwenda kwa daktari nikamwekea funguo mezani na nikamwambia lile neno, lote, kwa jina lake. Nililia kama mtoto, nakuambia ukweli. Daktari akaazima gari la ofisi ya kilimo, wale wale niliowavunjia uzio, wakamfuata mgonjwa. Leseni niliirudisha kwa mikono yangu mwenyewe. Inauma, dada. Nikisikia king'ora mguu wangu wa kulia bado unakanyaga.

Hawakunifukuza. Nimepewa stoo, na gari likitoka naingia kama msaidizi, nabeba machela, kwa sababu nina mikono mirefu. Nakaa kiti cha abiria.

Dereva mpya ameletwa kutoka mbali. Hajui mtu yeyote huku. Ni mama mfupi, mfupi kweli, walinzi wanamtania kwamba gari linajiendesha lenyewe. Siku ya kwanza nilichelewa kidogo kutoka stoo, nikamkuta ameshakaa, injini inaunguruma, yeye anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Bila kuinua uso akaniuliza, "Umekunywa?"

Nilisimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. Akarudia, "Wewe kijana, umekunywa?"

Nilishuka nikarudi stoo. Nikafungua pakiti nyingine, maana ile ya kwanza nilikuwa nimeianza vibaya, leo nakunywa, kesho sinywi. Nikameza vidonge vyangu kwa maji ya bomba. Nikarudi nikamwambia, "Nimekunywa." Ilikuwa kweli. Akatia gia.

Jioni nilimuuliza daktari kama ndiye aliyemtuma aniulize. Akachukia, akasema siri ya mgonjwa haipelekwi kwa madereva. Basi nikamuuliza mwenyewe. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Nilikuwa nakuuliza chai! Safari ni ndefu, nisibebe mtu ana njaa. Kwani we ulidhani nini?" Nikacheka naye, roho ikatulia. Tangu siku hiyo ananiuliza kila asubuhi, na mimi kila asubuhi nakuwa nimekunywa. Chai nayo.

Ningeishia hapo ungelala vizuri. Lakini nilishajiapia nisikufiche tena.

Leo asubuhi, tunatoka getini, akaniambia kuna jambo amekuwa anasahau kunishukuru. Nikamuuliza lipi. Akasema, "Siku ile ya kwanza, ulivyonisogezea kiti mbele kabla sijafika. Na lile sweta ulilonikunjia la kukalia. Sijawahi kupokewa hivyo kazini."

Sweta langu la kijivu liko nyumbani, dada. Nililifua baada ya kesi nikaliweka kwenye sanduku la mama, na ufunguo ninao mimi. Niligeuka kutazama alichokalia. Ni sweta la kijivu, limekunjwa mara tatu, mikono imefichwa ndani.

Nilifunga mkanda wangu, tukaondoka.

Mdogo wako,
Ngongoti